Upande wa Kushoto wa Banda

Kivuva aliyahesabu mabati ya banda mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa fimbo yake, akigonga moja baada ya jingine kana kwamba anaamsha mtu ndani. Ishirini na mbili. Kuku waliokuwa chini ya mabati hayo walinyamaza kwa kila pigo, halafu wakaendelea kula.

"Haya mawili yana kutu," alisema. "Hayo siwezi kulipa bei ya mengine."

"Bado sijasema nauza," alijibu Ndolo.

"Hujasema, ni kweli. Mimi ni mtu wa kupanga mapema tu."

Mutindi, mkewe Ndolo, alikuwa ndani ya banda hilo hilo, ameinama na ndoo ya chakula. Kivuva alijua yumo, maana kandambili zake zilikuwa mlangoni. Ndiyo sababu alikuwa anaongea kwa sauti.

"Mama Ben, habari za huko ndani?"

"Nzuri."

"Nimepita nikasikia harufu ya kitunguu saumu, nikafikiri mmeshapika. Kumbe ni chakula cha kuku. Tangawizi umetia, manjano umetia, kitunguu saumu umetia. Wewe unaunga kuku wangali hai. Sasa imebaki chumvi tu."

Ndolo alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu aliyechekeshwa bila kutaka, lakini Mutindi aliliona kupitia tundu la wavu, nalo likamuuma kuliko maneno yenyewe.

Kivuva ndiye aliyekuwa na duka la dawa za mifugo hapo Kanyangi, na ndiye wakala wa vifaranga. Mwezi wa Februari alikuwa amewauzia kuku mia wa nyama pamoja na kila chupa ya dawa aliyowashauri. Kuku walihara, wakapewa dawa, wakazidi kuhara, na kabla ya Pasaka walikuwa wamebaki tisa. Fahali mmoja wa kulimia alikwenda na hasara hiyo. Mara hii Mutindi alisema hatatia dawa ya chupa hata tone. Alikuwa amekwenda semina ya siku tatu huko Migwani, akafundishwa kukausha majani ya mlonge kivulini, kuyatwanga, na kuyachanganya na unga wa kitunguu saumu, tangawizi na manjano. Kipimo ni nusu kilo kwa gunia la chakula, wala si zaidi. Mwalimu alisema mchanganyiko huo hutuliza utumbo wa kuku, na utumbo ukitulia, chakula hugeuka nyama badala ya kugeuka kinyesi.

Maneno hayo ndiyo aliyompelekea Abdinoor, mwenye hoteli kule Sultan Hamud, kando ya barabara kuu. Abdinoor alitaka kuku mia kila wiki, wenye uzito usiopungua kilo moja na robo tatu, tena wasiolishwa dawa. Wateja wake walikuwa wamechoka na nyama yenye harufu ya hospitali.

"Kila mtu ananiambia kuku wake hali dawa," alikuwa amemjibu. "Nimeshadanganywa mpaka nimezoea. Wewe fanya hivi, mama. Gawa banda katikati. Kulia wape majani yako. Kushoto wape chakula kitupu. Siku ya thelathini na tano nitakuja na mizani yangu. Nikiona tofauti, nitakuamini na kazi ni yako."

Siku ya thelathini na tano ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumanne. Ndolo alikuwa ameshasema, bila ukali wowote, kwamba Abdinoor akikataa, yeye atavunja banda, atauza mabati na kurudi kupakia mchanga mtoni.

"Nitarudi Jumapili baada ya kanisa," Kivuva alisema, akafuta fimbo yake kwa majani. "Msiyatoboe toboe hayo mabati."

*

Jioni hiyo walipima. Ndolo alishika kuku miguu, Mutindi akasoma mizani ya kuning'iniza na kuandika katika daftari.

Wiki ya pili ya daftari hilo ilikuwa imemfurahisha sana. Upande wa kulia, gramu mia nne na kumi. Upande wa kushoto, mia tatu na thelathini. Alikuwa amemwonyesha Ndolo tarakimu hizo wakati wa chai, naye Ndolo akazitazama, akasema, "Ehe." Kwa Ndolo hiyo ilikuwa hotuba.

Lakini sasa upande wa kushoto ulikuwa umeamka. Kuku wa kulia alipima kilo moja na gramu mia sita. Wa kushoto, kilo moja na gramu mia sita. Wakajaribu mwingine, na mwingine. Walipofika wanane Mutindi aliacha kuandika.

"Labda mizani imechoka," alisema.

Ndolo alitundika pakiti ya unga ya kilo mbili. Mizani ikasema kilo mbili.

"Haijachoka."

Walisimama pale katikati ya maranda, wavu wa kugawa banda ukiwa baina yao. Kuku wa pande zote mbili walikuwa wanono, manyoya meupe, macho makali. Mtu mwingine angefurahi.

"Hawa wa kushoto wamekula nini?" Ndolo aliuliza.

"Chakula kitupu. Naweka mwenyewe, asubuhi na jioni."

"Basi majani hayana kazi. Ama sivyo, huyo bwana ataona tunamchezea."

"Wiki ya pili yalikuwa na kazi."

"Mama Ben." Alimwachilia kuku taratibu. "Tumejaribu. Hakuna mtu atasema hatukujaribu."

Mutindi alichukua ndoo akatoka. Hakutaka kupewa pole na mtu ambaye alikuwa karibu kuwa sahihi.

*

Ijumaa adhuhuri alirudi mapema. Bomba la kioski cha maji lilikuwa halitoi kitu, na wanawake wote walikuwa wamegeuka na mitungi mitupu. Alipokaribia banda alisikia wimbo wa kanisa ukiimbwa kwa sauti nyembamba, ya kizee. Akachungulia.

Wayua, mama mkwe wake, alikuwa ameketi juu ya debe katika upande wa kushoto, kuku wamemzunguka kama washirika siku ya mavuno. Alikuwa na mkebe wa chai mapajani. Alichota kijiko kimoja cha unga wa kijani, akaunyunyiza juu ya chakula kwenye sahani ndefu ya kuku, akachanganya kwa vidole, akasogea hadi sahani ya pili. Kanga yake ilikuwa na madoa ya manjano mpaka magotini.

"Mwaitu," Mutindi alisema, kwa neno ambalo huku mtu humwitia mama yake na mama wa mumewe, "unafanya nini?"

"Nawalisha."

"Hao nimewawekea chakula asubuhi."

"Umeweka, nimeona. Umeweka kikavu." Wayua hakuinua kichwa. "Wenzao wa huko wakipewa kitu cha kunukia, hawa wanakuja kusimama kwenye wavu wanaangalia. Nikasema, labda majani ni machache na Mutindi anaona haya kusema. Basi nikaenda kuchuma ya ule mlonge wa kwa jirani Kiema. Vile vingine nilichota kidogo kidogo jikoni. Kipimo ni chako, nilikuangalia."

"Tangu lini, mwaitu?"

"Tangu walipoanza kukonda. Ile wiki ulikuwa unafurahi na daftari."

Mutindi alishika mwimo wa mlango. Siku zote hizo, saa ile ile anapofuata maji.

"Mwaitu, hao tuliwanyima makusudi."

"Makusudi?" Wayua alilirudia neno kama anayeonja mboga asiyoijua. Sasa aliinua macho. "Kuku amekosa nini?"

Mutindi alikuwa na jibu la Kivuva, na alikuwa akiandaa jibu la Abdinoor. Swali hili hakulitazamia. Mwanamke huyu alikuwa amelea watoto saba kwa chungu kimoja katika mwaka wa njaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema mwenzake alipakuliwa kwanza.

"Hajakosa kitu," alisema mwishowe. "Malizia tu, mwaitu. Sahani bado mbili."

Akaenda akaketi nyuma ya jiko, juu ya kuni, akafunika uso kwa leso. Alicheka kidogo kabla ya kulia, na alipomaliza kulia alikuwa ameshajua la kufanya, nalo halikuwa zuri. Hatasema. Kwa Ndolo angesema nini, kwamba mama yako ameniharibia? Na kwa Abdinoor ingekuwa mbaya zaidi. Mgeni angetaka shahidi, na shahidi angekuwa mama wa miaka sabini na minane akihojiwa katika uwanja wake mwenyewe kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Afadhali mabati yaende.

*

Abdinoor alifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyekuwa ameuza mbuzi miaka mingi kabla ya kufungua hoteli. Alikataa chai mpaka kazi iishe. Alitundika mizani yake kwenye nguzo ya banda, akaingia mwenyewe, akachagua kuku bila kuangalia sana, kumi wa kulia na kumi wa kushoto.

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua. Kivuva alikuwa mbele yao, ameegemea fimbo.

Kilo moja na mia tisa. Kilo moja na mia nane hamsini. Kilo mbili kasoro kidogo. Watu wa uani walinong'ona kwa kustaajabu. Lakini kadiri mizani ilivyozidi kusema mema, ndivyo uso wa Abdinoor ulivyozidi kujifunga.

"Mama," alisema alipomshusha wa ishirini. "Wewe unajua kufuga. Hilo sina ubishi nalo. Lakini mimi na wewe tulisema nini?"

"Tulisema utaona tofauti."

"Iko wapi?"

Mutindi aliwatazama kuku wa pande zote mbili.

"Kulia na kushoto ni sawa. Kushoto hawakula majani, sivyo? Basi huu uzito wameutoa wapi? Mimi nimenunua kuku miaka tisa. Kuku wa chakula kitupu hafiki hapa. Kuna kitu wote wamepewa, na kitu hicho huuzwa kwa chupa." Alimgeukia Kivuva. "Wewe ndiye wa duka la dawa? Huyu mama amenunua kwako?"

Kivuva alitazama juu, akatazama chini. "Mambo ya mteja ni siri ya mteja," alisema.

Watu wakaangaliana. Mtu mmoja akasema, "Alaa." Mutindi hakuwa amenunua hata kijiko, na Kivuva alijua, na Kivuva alikuwa amesimama pale akiwa mtu mwema wa kutunza siri.

"Mama Ben," Ndolo alisema kwa sauti ya chini. "Kama kuna neno, sema."

Mutindi alitazama mlango wa jikoni, akautazama mchanga. "Sina neno."

Abdinoor alishusha pumzi. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyesafiri mbali kwenda kumwona mgonjwa akakuta ameshazikwa. Akanyoosha mkono kuifungua mizani yake.

"Iache hapo."

Wayua alikuwa ametoka jikoni. Alitembea polepole, mkebe wa chai mkononi, kijiko kikigongagonga ndani, mpaka akasimama mbele ya mgeni, ambaye ilimbidi ainame ili amwone vizuri.

"Huyu mtoto wangu ananyamaza kwa sababu yangu," alisema. "Hao wa kushoto mimi ndiye niliyewapa majani. Niliona wananyimwa. Hakunituma mtu. Alinikuta jana, akaniambia nimalizie. Kama kuna kosa ni langu, uniulize mimi."

Alifungua mkebe. Abdinoor akainusa ile harufu ya mlonge na kitunguu saumu, kisha akatazama madoa ya kanga.

Kivuva ndiye aliyecheka. "Susu," alimwita, kama watu wa huku wamwitavyo bibi, "na wewe wamekufundisha la kusema?"

"Kivuva," Ndolo alisema. Hakupaza sauti, lakini alikuwa amepiga hatua. "Huyo ni mama yangu."

Kivuva aliona kwamba amekanyaga mahali pabaya, akataka kujitoa kwa maneno mengi.

"Sisemi anadanganya. Nasema majani ni majani. Hivi vifaranga tulileta siku moja na pikapu yangu, sanduku mbili zake, sanduku mbili zangu, kiwanda kimoja. Chakula ni kile kile, mimi ndiye namuuzia. Tofauti yetu ni moja tu. Kuku zangu nazipa dawa kila siku, na sioni haya kusema. Mimi siwezi kuachia mali yangu miti shamba."

Mkono wa Abdinoor ulibaki juu ya mizani.

"Rudia hapo," alisema. "Siku moja?"

"Siku moja."

"Chakula kimoja?"

"Kimoja."

"Na zako hazijaonja haya majani."

"Labda zikiota ndoto."

"Kalete kumi."

Ndipo Kivuva alipoona shimo, naye alikuwa amelichimba mwenyewe kwa mikono miwili. Alisema kuku wake walikuwa bado hawajala. Muthoki, mama muuza mboga aliyekuwa uani, akasema, "Si wakipimwa na njaa utasamehewa gramu kumi. Nenda, baba." Watu wakacheka, na njia ya kukataa ikazibwa na kicheko hicho.

Alirudi na kreti, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba amechagua wakubwa. Kilo moja na mia tatu. Kilo moja na mia nne. Mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akimbeba kifuani kama mtoto, alifika kilo moja na nusu.

Abdinoor aliomba kisu na maji. Akamchukua kuku mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto na mmoja wa Kivuva, akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja kwa mkono wake. Kisha akachuchumaa, akawapasua, akatandaza matumbo juu ya jani la mgomba, akaupitisha utumbo wa kila mmoja baina ya vidole viwili kama fundi anayepima kitambaa.

"Njoo uone, mama. Hawa wawili wako. Utumbo mzima, mgumu, safi ndani. Sasa ona huyu." Utumbo wa kuku wa Kivuva ulikuwa laini kama karatasi iliyoloa, ukatoa maji yenye vidoa vyekundu. "Huyu alikuwa anakula na kuhara, anakula na kuhara. Dawa ilikuwa inamzuia kufa, haimnenepeshi." Akamtazama Kivuva bila kuinuka. "Kama huyu mama angewapa dawa zako za chupa, wangekuwa hivi. Sasa nijibu kama mtu mzima. Alinunua dawa kwako?"

Kivuva alikwangua mchanga kwa fimbo. "Tangu Februari amenunua chakula tu."

"Ungesema hivyo mwanzoni."

"Hukuuliza vizuri."

Hata Ndolo alicheka safari hii, na Mutindi akagundua kwamba na yeye anacheka, kwa kifua chote, mbele za watu. Majirani walikuwa wameshaingia ndani ya ua, kila mmoja akitaka kunusa mkebe. Muthoki alikuwa anauliza kama mlonge wa kwake, ule wenye maua, nao unafaa.

Abdinoor alinawa mikono. "Mia kila Ijumaa. Kila kuku nitakupa shilingi mia tano."

Mutindi alikausha machozi ya kicheko, akakaza leso. "Mia wiki ijayo, na mia wiki inayofuata. Baada ya hapo utaningoja."

"Ningoje?"

"Kifaranga anataka siku thelathini na tano. Nikikuahidi mia kila wiki leo nitakuwa nakudanganya, na umesema umezoea kudanganywa. Nipe mpaka mwezi wa kumi; kuanzia sasa nitaingiza sanduku mpya kila wiki. Halafu hutakosa tena."

Abdinoor alimpa mkono Ndolo, na baada ya Ndolo, kwa heshima ya kwao, akaweka kiganja kifuani na kumwinamia Mutindi. "Mwezi wa kumi," alisema. "Sasa hiyo chai iko wapi?"

*

Walikula pamoja mchana huo, kuku wa Mutindi na chapati. Mgeni aliketishwa karibu na dirisha, Wayua kwenye kiti chenye mto, Ndolo mahali pake pa siku zote. Mutindi alipakua kama alivyopakua kwa miaka ishirini na minne: paja kwa mgeni, kidari laini kwa mama asiye na meno mengi, na juu ya sahani ya Ndolo, firigisi. Katika nyumba za huku firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huiosha, huimenya ngozi yake ya manjano, huipika, huipakua, na hapo safari yake nayo huishia. Mutindi alikuwa amewapikia wachungaji na wajomba na mashemeji firigisi zisizo na idadi, na hakuwahi kujua ladha yake.

Ndolo aliitazama. Aliishika kwa vidole viwili, akainuka kidogo kitini, akaiweka kwenye sahani ya mkewe. Halafu akaketi na kuendelea na mchuzi wake, kama mtu aliyepitisha chumvi.

Abdinoor, ambaye hakujua desturi hiyo, alikuwa anasifu chapati. Wayua aliyeijua alisimamisha mkono wake hewani. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwanawe, na uso wake wenye mikunjo ukafunguka polepole.

Mutindi aliitia mdomoni yote kwa mara moja, asije mtu akabadili mawazo.

"Kumbe ni ngumu hivi," alisema, shavu limejaa.

"Tafuna," alisema Wayua.

Akatafuna.